Kuta Zilizopinda za Mkomani

Nyumba ya mawe ya Lamu ilianzia mkokoni. Kabla mwashi hajaweka jiwe la kwanza, mkata boriti alikwisha simama topeni maji yakipwa, akitafuta mti ulionyooka. Urefu wa mti ule ndio ulioamua upana wa chumba. Mkoko hautoi boriti ndefu yenye nguvu ya kubeba sakafu nene ya mawe na chokaa, na kwa sababu hiyo vyumba vya Mkomani, mtaa wa mawe ulio upande wa kaskazini wa mji, ni virefu na vyembamba. Upana wake haufiki mita 3, hata katika nyumba za matajiri. Mwenye mali aliyetaka nyumba kubwa aliongeza vyumba, akapandisha ghorofa, akapamba kuta kwa lipu ya kuchonga, lakini kuvipanua vyumba hakuweza.

Nyumba hizi, ambazo nyingi kati ya zilizosimama leo ni za karne ya 18, hazikujengwa kwa kufuata mchoro wa karatasi. Ramani ilikaa kichwani mwa fundi na katika desturi ya mji, na kipimo kilikuwa mwili wa mtu. Shibiri ilitoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Shibiri mbili zilifanya mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono minne ilifanya pima moja, yaani mtu aliyenyoosha mikono yake kulia na kushoto. Mpimaji wa leo akifungua futi kamba na kukuta chumba kina upana wa mita 2 na sentimita 70, tarakimu hiyo haimwambii kitu. Akiigawanya kwa sentimita 45 anapata mikono sita kamili, na hapo fundi aliyekufa zamani anaanza kuonekana.

Hiyo ndiyo sababu upimaji wa nyumba ya kale ni kazi ya historia kama ilivyo kazi ya usanifu. Kwa zaidi ya miaka sabini sasa, nyumba za mwambao wa Waswahili zimekuwa zikihamishiwa kwenye karatasi: kwanza magofu, kisha nyumba zenye watu, kisha mji mzima. Katika safari hiyo kuna jambo moja ambalo kila mpimaji mzuri amelazimika kujifunza, nalo ni kwamba kosa dogo la ukuta, pembe isiyo mraba, mlango ulioziba au kona iliyonenepa bila sababu ndipo historia ya familia ilipojificha. Anayenyoosha mistari ili mchoro wake upendeze huwa ameifuta.

Kazi ilianza mahali ambapo hapakuwa tena na mtu wa kuulizwa. Mwaka 1948 mwanaakiolojia James Kirkman alianza kufukua Gede, mji uliomezwa na msitu karibu na Malindi. Alipata jumba la mtawala, misikiti, visima na mtaa wa nyumba za mawe zilizobanana. Majina ya wenye nyumba yalikuwa yamepotea zamani, kwa hiyo nyumba ziliitwa kwa vitu vilivyookotwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Kisanduku cha Pembe. Familia iliyoishi mle, ikasali, ikagombana na kuoza binti zake, imebaki kujulikana kwa mkasi ulioachwa chini.

Baada yake alikuja Peter Garlake, kijana aliyesomea usanifu majengo Cape Town kabla ya kugeukia akiolojia. Kitabu chake kuhusu usanifu wa Kiislamu wa zamani katika pwani ya Afrika Mashariki kilitoka mwaka 1966, na wanafunzi wa historia ya pwani bado wanakifungua kwa ajili ya michoro yake. Garlake alichora kwa jicho la mtu anayejua jengo linavyosimama. Misikiti, majumba na nyumba za kawaida za magofu mengi zikawekwa katika kipimo kinachofanana, zikaweza kulinganishwa ukurasa kwa ukurasa. Ghafla msomaji aliweza kuona kwamba nyumba ya Gede na nyumba ya Kilwa zina uzao mmoja: ua mbele, kisha vyumba virefu vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine, kila kimoja kikiwa cha faragha zaidi kuliko kilichotangulia.

Lakini Garlake alipima kuta zisizo na paa wala watu. Lamu ilikuwa jambo jingine. Huko nyumba za aina ileile zilikuwa bado zina vitanda, mikeka, vyungu vya mapishi na bibi mzee anayejua ni nani alizaliwa katika chumba gani.

Hata hivyo hali ya mji mwanzoni mwa miaka ya 1970 haikuwa ya kufurahisha. Utajiri uliojenga Mkomani ulikuwa umeondoka muda mrefu. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba uliofunga soko la watumwa la Unguja na kuzuia kusafirisha watumwa baharini, na mwaka 1907 utumwa wenyewe ukafutwa kisheria katika pwani ya Kenya. Mashamba ya bara yaliyoilisha Lamu yakakosa watu wa kuyalima kwa lazima. Reli ilijengwa kutoka Mombasa, na biashara ikafuata reli. Familia nyingi zilihama, nyumba zikarithiwa na watu kumi au ishirini kwa pamoja, na nyumba yenye wenyewe ishirini mara nyingi haina hata mmoja wa kununua chokaa. Boriti ikioza, sakafu ya juu inashuka. Mvua ikiingia, lipu ya zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, inabanduka vipande vipande. Waliokuwa na haraka waliuza milango ya kuchonga.

Jumba la makumbusho la Lamu lilifunguliwa mwaka 1971, na mkuu wake wa kwanza alikuwa James de Vere Allen, mwanahistoria aliyeitazama nyumba ya Mswahili kama kitu chenye maana ya ndani, ya dini na ya desturi, na si mkusanyiko wa mawe tu. Katika miaka hiyohiyo Usam Ghaidan, msanifu majengo mwenye asili ya Iraq aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, aliufanya mji wa Lamu kuwa kazi yake. Vitabu vyake viwili vilichapishwa Nairobi, kimoja mwaka 1975 kuhusu mji wenyewe, cha pili mwaka 1976 kuhusu namna ya kuuhifadhi. Ndani yake mna nyumba za Lamu zilizopimwa na kuchorwa: ramani za sakafu, mikato inayoonyesha nyumba kana kwamba imepasuliwa kwa kisu kutoka darini hadi msingini, na sura za mbele za mitaa.

Ni vizuri kueleza kazi hii inavyofanyika kwa mkono, maana ndani ya taratibu zake mna uaminifu ambao mashine za leo hazijaufanya kuwa wa kizamani. Mpimaji kwanza anachora kwa macho tu, bila kipimo, akitembea chumba kwa chumba ili nyumba imkae kichwani. Kisha anavuta uzi mmoja ulio sawa kwa pimamaji na kuuweka alama kutani nyumba nzima, na kila urefu wa kwenda juu au chini unapimwa kutoka kwenye mstari huo, kwa sababu sakafu ya nyumba ya miaka mia mbili haiaminiki. Futi kamba inalazwa mara moja kutoka kona hadi kona, na mlango, kidaka na nguzo vyote vinasomwa kutoka sifuri moja. Anayepima kipande kwa kipande, sentimita themanini hapa na mita moja pale, anakusanya makosa madogo hadi yanakuwa shibiri nzima. Mwisho kabisa hupimwa ulalo, kona ya kulia hadi ya kushoto na kinyume chake. Vyumba vya Mkomani huwa na ulalo mbili zisizolingana. Timazi ikishushwa kutoka darini, mara nyingi ukuta unaonekana umelegea nje kwa upana wa vidole kadhaa.

Ramani ya nyumba nzima huchorwa kwa skeli ya 1:50, ambapo mita moja inakuwa sentimita mbili karatasini. Ukuta wa zidaka unadai skeli kubwa zaidi, 1:10 au hata 1:5, kwa kuwa kila kishubaka na kila ua la chokaa lina kipimo chake. Hapo kazi inakwenda polepole sana, na ni haki yake. Lipu ile ilichongwa na mtu aliyekuwa na subira zaidi ya mchoraji yeyote.

Mchoro uliokamilika unamwingiza msomaji ndani ya nyumba kwa mpangilio uleule ambao mgeni angeingizwa, isipokuwa mchoro haumzuii popote. Kwanza kuna daka, ukumbi mdogo wa mbele ya mlango wenye baraza za mawe kila upande, mahali ambapo mwenye nyumba huketi na wanaume wenzake. Baada ya mlango kuna tekani, sehemu iliyofunikwa ambayo njia yake hukata kona, kusudi mpita njia asione ndani hata mlango ukiwa wazi. Kisha kiwanda, ua ulio wazi juu, ndio unaoingiza hewa na mwanga, kwa kuwa upande wa mtaani kuta hazina madirisha ya maana. Kando yake inaweza kuwapo sabule, chumba cha mgeni mwanamume, mara nyingi mfanyabiashara aliyeletwa na upepo wa kaskazi na ambaye angekaa hadi kusi ianze. Kutoka kiwandani nyumba inapanda hatua ndogo kuingia msana wa tini, inapanda tena kuingia msana wa yuu, kisha ndani, chumba cha mwenye nyumba na mkewe, chenye ukuta wa zidaka unaotazama mlangoni. Mwanga unapungua kila hatua. Mkato wa nyumba unaonyesha jambo hili vizuri kuliko maneno: sakafu zinapanda kidogo kidogo huku giza likiongezeka, hadi nyumba kati, chumba cha nyuma kabisa.

Nyumba kati ndicho chumba kilichowapa wachunguzi kazi kubwa. Kwa mchoro mtupu ni kijichumba kisicho na dirisha, ambacho msanifu wa kigeni angekiandika ghala na kuendelea. Wenyeji walisema vingine. Ndimo maiti ya mtu wa nyumba hiyo ilimooshwa kabla ya kuzikwa, na uzazi pia ulifanyika katika sehemu hizi za nyuma. Linda Donley-Reid, aliyefanya utafiti wake Lamu na visiwa jirani katika miaka ya 1980, aliunganisha ramani, fukuo na maelezo ya wakazi na kuonyesha kwamba nafasi hizo zilibeba imani kuhusu usafi, heshima na ulinzi dhidi ya mabaya. Allen naye alikwisha andika mwaka 1979 kuhusu dhana zilizoipanga nyumba ya Mswahili. Bila masimulizi yale, mistari ya Ghaidan ingekuwa sahihi na bado ingenyamaza.

Choo nacho kinastahili kutajwa, kwa kuwa wasiojua pwani huchukulia usafi wa nyumba kuwa jambo lililokuja na mabomba. Nyumba za Lamu zilikuwa na vyoo ndani, pamoja na birika la maji ya kuogea na kutawadhia. Katika birika waliwekwa samaki wadogo wa kula mabuu ya mbu, na chini yake likajengewa bakuli la kauri ya Kichina ili maji yakipungua samaki wabaki na pa kuishi. Mpimaji asiyeinama kutazama sakafu ya birika hulikosa bakuli hilo, na hukosa pamoja nalo ushahidi wa biashara ya Bahari ya Hindi iliyofika hadi chooni.

Turudi kwenye kuta zilizopinda. Katika familia zenye mali za Lamu ilikuwa desturi binti apewe pa kuishi anapoolewa, na mume ndiye aliyehamia. Baba mwenye binti wawili alikuwa na njia chache mbele yake: kupandisha ghorofa juu ya nyumba iliyopo, kugawa nyumba kwa ukuta, kununua ya jirani, au kuvuka barabara. Mji ulikuwa umebanana na vichochoro vyake havitoshi zaidi ya punda na mzigo wake, hivyo kuvuka kulifanyika angani. Chumba kilijengwa juu ya kichochoro kikaunganisha nyumba mbili za ndugu, na wanawake wakatembeleana bila kushuka mtaani. Hicho ndicho wikio. Mtalii huona wikio kuwa kivuli kizuri cha kupitia wakati wa jua kali. Ramani ya ghorofa ya juu humwonyesha mchunguzi mstari wa damu unaopita juu ya vichwa vya watu.

Sasa tuseme mpimaji anakuta ukuta mmoja kati ya vyumba viwili una unene wa sentimita 50, na mwingine sambamba nao ni karibu mara mbili. Mwanafunzi mwenye haraka angeandika wastani. Mwenye uzoefu anapima tena, anabisha hodi upande wa pili, na mara nyingi anagundua kwamba hizo ni kuta mbili zilizogusana: nyumba ya pili ilijengwa baadaye ikaegemea ya kwanza. Kidaka kirefu kupita kiasi, kinachofika hadi sakafuni, kinaweza kuwa mlango ulioziba siku urithi ulipogawanywa. Ngazi inayopanda kutoka daka badala ya kiwandani inaelekea kusema kwamba ghorofa ya juu imekuwa nyumba ya mtu mwingine. Chumba kilichopindia upande mmoja kinaweza kuwa kilifuata mpaka wa shamba la zamani au njia iliyokuwapo kabla ya nyumba. Hakuna hati inayoandika mambo haya yote, na pale ilipokuwapo hati, mchwa walikwisha ifikia. Ukuta umeyaweka.

Kwa hiyo mpimaji anahitaji watu wawili au watatu wa kushika futi na uzi, lakini zaidi anahitaji mtu mmoja wa nyumba mwenye kumbukumbu na moyo wa kueleza. Hapa pana ugumu ambao hauwezi kupuuzwa. Nyumba yote ilijengwa ili mgeni asifike ndani: wa mtaani huishia dakani, rafiki huishia sabule, jamaa wa kiume huendelea kidogo. Mpimaji anaomba kupita ngazi zote hizo kwa siku moja, hadi chumba cha kulala na cha kuoshea maiti, kisha aichapishe ramani kwa kila mtu kuiona. Heshima inadai ruhusa iombwe kwa wanaume na wanawake wa nyumba, wanawake wapimaji wawemo katika kundi, na familia iamue kipi kiandikwe jina na kipi kibaki mstari tu. Nyumba iliyopimwa kwa adabu hutoa habari nyingi kuliko iliyopimwa kwa kibali cha ofisi peke yake.

Na kuna habari ambazo familia haikupenda kuzitoa. Nyumba zile zilijengwa wakati wa utumwa, na watumwa walikuwa ndani yake. Katika nyumba nyingi za ghorofa, chini palikuwa na bohari na makazi ya watumwa, na juu ndipo walipokaa waungwana. Mchoro unaoanza na ghorofa ya kwanza, kwa kuwa ndiko kuliko na zidaka na lipu ya kuchonga, unawaacha watu hao nje kwa mara ya pili. Michoro bora huipa ghorofa ya chini skeli ileile, na inahesabu kila tundu la hewa. Aliyekata boriti, aliyechoma chokaa kwa magogo na mawe ya matumbawe, aliyebeba maji kujaza birika, wote hao wamo katika jengo hata kama hawamo katika nasaba.

Marekani ilikutana na jambo hilohilo. Mwaka 1933, uchumi ukiwa umeporomoka na wasanifu wamekosa kazi, Charles Peterson wa idara ya hifadhi za taifa alipendekeza waajiriwe kupima na kuchora majengo ya zamani kabla hayajatoweka. Mpango ule upo hadi leo, michoro yake inahifadhiwa katika Maktaba ya Bunge mjini Washington, na majengo na maeneo yaliyorekodiwa ni maelfu kwa maelfu. Pamoja na majumba ya wenye mashamba, yalichorwa pia makazi ya watumwa wao. Mengine yamebomoka tangu wakati huo, na wazao wanaotafuta mababu zao wanafungua michoro hiyo kwa sababu hakuna kitu kingine cha kufungua.

Michoro ya Lamu ilifanya kazi yake kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kielimu. Mark Horton alipofukua Shanga, katika kisiwa cha Pate, kati ya mwaka 1980 na 1988, alifuata tabaka za ardhi kuteremka hadi karne ya 8. Chini ya nyumba za mawe alikuta nyumba za miti na udongo, za watu walewale waliohamia hatua kwa hatua kwenye matumbawe. Ukiweka ramani za Shanga na Gede kando ya ramani za Mkomani, unaona mazoea ya kupanga nyumba yaliyodumu kwa mamia ya miaka katika pwani moja. Kwa muda mrefu watu walisimuliwa kwamba nyumba za mawe ni za wageni, zimeletwa zikiwa kamili kutoka Uarabuni au Uajemi. Wageni walikuja, walioa, walileta mapambo na mitindo. Mpangilio wa nyumba, kwa ushahidi wa michoro, umekua hapa.

Njia ya pili ilikuwa ya sheria. Baada ya Ghaidan walikuja Francesco Siravo na Ann Pulver, ambao mpango wao wa kuhifadhi Lamu ulichapishwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya mwaka 1986. Walitoka kwenye nyumba moja moja wakaenda kwenye mji: aina za majengo, matumizi yake, hali ya kuta na paa, na miongozo ya ukarabati ambayo fundi wa kawaida angeweza kuifuata. Mwaka huohuo mji mkongwe ulitangazwa rasmi kuwa eneo lililohifadhiwa kisheria. Mwaka 2001 Lamu iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, mwaka mmoja baada ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Huwezi kulinda kitu usichoweza kukionyesha kilipo na kilivyo, na sheria ilipohitaji kuonyeshwa, karatasi zilikuwapo. Leo mtu mwenye nyumba ndani ya eneo hilo anayetaka kubomoa ukuta au kuongeza ghorofa anahitaji kibali, na mazungumzo huanzia kwenye ramani.

Nyumba moja ya karne ya 18 ilikarabatiwa na kufunguliwa kuwa makumbusho ya nyumba ya Mswahili, katikati ya vichochoro vya mji. Anayeingia humo anaweza kusimama msana wa tini na kuona kwa macho yake kila kitu ambacho mkato wa nyumba unaeleza kwa mistari.

Siravo alihamia Unguja, na mpango wake wa Mji Mkongwe ulitoka mwaka 1996 kupitia taasisi ya utamaduni ya Aga Khan. Huko majengo ni ya namna nyingi zaidi: nyumba za Kiomani zenye ua mkubwa wa kati, maduka ya Kihindi yenye makazi juu, majumba ya ukoo wa kisultani. Mashuhuri kuliko yote ni Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Sehemu yake ilianguka mwaka 2012. Tarehe 25 Desemba 2020 upande mkubwa wa jengo ukaporomoka, na watu wawili wakafariki. Waliohuzunika walizungumza juu ya mnara na roshani. Mafundi waliopewa kazi ya kufikiria ujenzi upya walihitaji vitu visivyopigwa picha na watalii: unene wa kuta, nafasi kati ya nguzo, namna boriti zilivyokaa ndani ya ukuta. Jengo likishaanguka, vipimo vyake vinapatikana pale tu palipokuwa na mtu aliyevichukua likiwa limesimama.

Siku hizi kuna vifaa vinavyopima kwa mwali wa leza na kukusanya mamilioni ya nukta kwa muda mfupi. Mradi uitwao Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town umezitumia mashine hizo katika maeneo mengi ya kale barani Afrika, Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yakiwemo. Faida yake ni kubwa: mashine haichoki, hainyooshi ukuta uliopinda, na inafika darini ambako ngazi haifiki. Lakini mashine inaona uso wa ukuta peke yake. Haijui kwamba kidaka kirefu kilikuwa mlango wala haiwezi kumuuliza mwenye nyumba ulizibwa lini. Wapimaji wazuri wanaotumia leza bado wanachora kwa mkono pia, kwa sababu anayechora hulazimika kuamua kila mstari ni nini, na katika kuamua ndipo anapouliza.

Lamu ina bahati kwa kulinganisha na jirani zake. Pate na Siyu, miji iliyokuwa na wanazuoni, wafua fedha na wachonga milango, na ambayo lipu yake ya kuchonga ilisifiwa sana, haimo katika orodha ya urithi wa dunia. Baadhi ya nyumba na makaburi ya pwani hiyo yaliingia katika kitabu cha michoro na makala ambacho Allen na Thomas Wilson walikihariri mwaka 1979, na kuna kuta zilizomo kitabuni ambazo hazimo tena ardhini. Nyumba nyingine huko hazijapimwa kamwe. Boriti zake zikioza, sakafu ya juu huangukia chumba cha chini, kifusi hufunika baraza na birika, na kinachobaki cha kupima ni mzingo wa nje tu, kama vile Kirkman alivyokuta Gede. Tofauti ni kwamba wazao wa wenye nyumba za Pate na Siyu bado wapo, wengine palepale, wengine Lamu na Mombasa, na wapo wanaoweza kutaja nyumba kwa jina la bibi aliyepewa siku ya harusi yake. Kazi hiyo haihitaji kungoja leza. Inahitaji uzi, timazi, pimamaji, futi kamba ndefu, karatasi ya kutosha, na mzee wa ukoo aliyeketi karibu wakati mistari inachorwa, ili jina lake na maneno yake yaandikwe pembeni mwa ramani pamoja na tarehe, skeli na mshale wa kaskazini.